Utani Uliokatwa Nusu

Galu, Diani
Wiki ya pili baada ya Idi

Kwa mdogo wangu Mize, mke wa Faki, Tumbe, Pemba

Assalamu alaykum. Yule mwalimu wetu wa darasa la nne, ambaye kwake ndiko elimu yangu ilikoishia, alitufundisha kwamba barua huanza kwa mwandishi kujisifu kuwa yu mzima wa afya na hofu yote iko kwa msomaji. Mimi leo siwezi. Mguu umevimba tangu mvua zilipoanza, jino langu la mwisho la mbele limekwenda zake bila kuaga, na hofu ninayo hapa hapa, sina haja ya kuiagiza kwako. Wewe u hali gani? Goti lako je? Mbuzi wako wameacha kula nguo za majirani, au bado mnagombana? Asha binti yako, ambaye najua ndiye anayekusomea, mwambie marahaba. Na kama mwandiko unamchekesha, acheke sasa hivi, maana mbele hapana cha kuchekesha.

Mize, kabla ya barua hii umempokea mumeo mwenyewe. Umeshauona mkono wake wa kulia ulivyofungwa, umeshamuuliza, naye hakukujibu. Usikasirike. Hata mimi hakunijibu. Tangu siku ile hajatamka neno ila la sala. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kwani usipojua kilichompata utadhani amepagawa, au ana mke mwingine huku na moyo umebaki kwake. Mke mwingine hana, naapa. Alichonacho nitakueleza.

Nyumba ninayoifagia uwanja aliipanga mwanamke wa Kiholanzi, mrefu kama mnazi dume, jina lake Bi Aneke. Alikuja baada ya zile vurugu za Likoni, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa, hoteli zikabaki na kunguru watupu, na nyumba za ufukweni zikawa zinatafuta mpangaji kwa tochi. Sebuleni aliweka kompyuta, mashine ya kuchapa, mashine nyingine bapa kama sinia ya mikate ambayo inanakili picha, na waya wa simu. Waya ule ukiunganishwa hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha hunyamaza, na hapo kompyuta yake inakuwa inasema na kompyuta za dunia nzima.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha nyuso za wazee wa hapa, kuzitia katika kompyuta, na kuzichanganya na vitu vya pwani: mchanga, makuti, matumbawe. Halafu anazipeleka kwenye huo mtandao, watu wa kila nchi wanazitazama, wanaandika maneno, na wao wanaleta nyuso za wazee wao naye anazichanganya vivyo hivyo. Alikiita kijiji.

"Kijiji kisicho na ardhi, Mzee Shaame," akaniambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuruka ruka.

"Kina kisima?" nikamuuliza. "Kina msikiti? Nani mzee wa mtaa?"

Akacheka, akasema wazee wa mtaa ni sisi. Mumeo, aliyekuwa kibandani pembeni ya uwanja akisuka madema yake ya kutegea samaki kama alivyokuwa akisuka siku zote, akauliza huo mtandao matundu yake yana upana gani na unanasa samaki wa namna gani. Bi Aneke akalifurahia dema kuliko hata swali. Akaligeuza, akatia vidole katika yale matundu ya pembe sita, akasema hili ndilo alilokuwa akilitafuta.

Mkalimani wake alikuwa Rosemary. Huyu ni mama wa kutoka bara, aliyekuwa mapokezi katika hoteli moja ya hapa Galu mpaka wageni walipokatika. Kiingereza anakijua kama maji. Wakati wa vurugu mumeo alimficha kibandani, chini ya lundo la madema, siku mbili nzima, na mimi nikiwaambia waliokuja kumtafuta kwamba hicho mnachokisikia ni kikohozi changu. Kwa hiyo tulikuwa kama watu wa nyumba moja. Hakuna mbaya katika habari hii, Mize. Ningempata mbaya ningelala vizuri.

Sasa, chini ya kila uso Bi Aneke alitaka maneno. Na kanuni yake ni kwamba mtu hajisemei. Anasemewa na anayemjua. Ilipofika zamu ya Faki nikaitwa mimi. Tukaketi barazani, kinasa sauti mezani.

"Guka, sema tu kitu kizuri kuhusu rafiki yako," Rosemary akaniambia. Guka kwao ni babu.

"Si rafiki. Ni shemeji. Amemuoa dada yangu."

"Haya basi, kuhusu shemeji yako."

Unanijua. Nikakohoa nikasema: "Mtazameni vizuri. Mchawi huyu. Alimla mama yangu, mkwewe mwenyewe, hakubakisha hata ukucha, na sasa ananinenepesha mimi. Usiku hupaa na ungo mpaka Pemba, alfajiri yuko hapa anasuka madema. Mnadhani macho yake mekundu kwa nini?"

Faki hakuinua hata kichwa. "Mkwe wangu," akasema, "alikufa kwa aibu ya kukuzaa wewe. Na wewe nilishakuonja, mwaka ule ulipolewa tembo la mnazi ukaanguka uvunguni mwa kitanda. Nikakutema. Una ladha ya kobe."

Tulicheka mpaka Bi Aneke naye akacheka bila kujua anacheka nini. Rosemary hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Wazee, mambo ya uchawi hatuchezi nayo, jameni. Na hiyo ya pili mimi siandiki."

"Kwa nini?"

"Imezidi. Mtu kuonja mtu? Hayo ni matusi, guka."

"Matusi ndiyo yenyewe, mwanangu. Huyu ni mtani wangu. La kwangu bila la kwake halikai."

"Nafasi ni ya mtu mmoja," akasema. "Nitaweka lako."

Nami nikamwachia, nikaona lisiwe jambo. Wewe unajua, sina haja ya kukufundisha, kwamba mimi na Faki hatujawahi kupeana pole wala asante katika maisha yetu ila kwa njia hiyo. Kwenye matanga ya mama, Faki ndiye aliyekaa jamvini akisema mkwewe ametoroka kukwepa zamu ya kuteka maji, na wewe ulicheka huku machozi yakikutoka, mara ya kwanza tangu azikwe. Mtu wa hapa angekuwepo angekuelewa. Lakini mtu huyo huyo ukimpa nusu moja tu, imeandikwa, imetulia kwenye karatasi, haina anayecheka pembeni yake, ataifanyaje?

Bi Aneke akamaliza picha. Alikuwa amelaza dema juu ya uso wa Faki, matundu yote yakaziba isipokuwa mawili, na katika yale mawili macho. Rangi aliikoleza mpaka macho yakawa makaa. Nywele zikawa nyeupe kama povu la mwamba.

"Inatisha," nikasema.

"Ndiyo! Ndiyo!" akafurahi.

Basi hao watu wa kijiji kisicho na ardhi wakamiminika. Tuliitwa kila baada ya siku chache kusomewa. Kuna wa Amerika, kuna wa Ufini, kuna wa nchi nisizoweza kuziandika. Walimwita Mchawi wa Galu. Wengine walipiga picha babu zao wakawalazia vitu vyao usoni, waya za kuku, nyavu za tenisi, wakazileta. Mwanamke mmoja akauliza kama Faki angeweza kumla mkwewe yeye pia, nauli atatoa.

"Mwambie sili nyama za nchi za baridi," Faki akasema.

"Umeandika nini?" nikamuuliza Rosemary alipomaliza kugonga vile vidude.

"Nimeandika asante," akasema.

Kisha mvua. Na huko kwenu imenyesha, najua, lakini huku ilinyesha kama aliyeshikilia ndoo amekufa nayo mkononi. Vyoo vikapanda, visima vikapokea. Watoto wakaanza kuharisha, wengine wakawa wanakufa ndani ya siku mbili. Kila alasiri tulikuwa makaburini. Bi Aneke, ambaye moyo wake mzuri ndio uliokuwa mguu wake wa kujikwalia, akasema katika dhiki hii watu wa hapa waonyeshwe kijiji chao. Akachapa zile nyuso kubwa kama milango, akazitundika katika ukumbi mmoja Ukunda, na chini ya kila uso maneno yake kwa Kiswahili. Huyu alikuwa mkwezi hodari. Huyu anapenda wali wa nazi. Wa tatu kutoka mlangoni, yule mwenye makaa: Mchawi huyu. Alimla mama yangu.

Na hapa ndipo watu walipoelewa vibaya, na wala siwezi kuwacheka. Waliuliza picha hii imepigwa na kamera gani. Wakaambiwa haikupigwa hivi hivi, imepitishwa kwenye kompyuta. Sasa, mtu wa huku mashine ya picha anayoijua, mbali na kamera, ni ile ya hospitali inayopita nyama ikaleta mfupa. Wakasema ahaa. Kamera hupiga ngozi. Hii imepiga kilichomo. Yule mzee tunamwona kila siku ana macho ya kawaida, lakini mashine imemwona alivyo. Na shemeji yake mwenyewe, mtu wa damu ya marehemu, ameshuhudia. Na isitoshe ni Mpemba. Unajua hapa wanavyosema juu yetu. Kila mwenye kutaka kumroga jirani yake huuliza kwanza nauli ya Pemba.

Wakaja alasiri. Mbele yao alikuwa Bakari, kijana anayewatembeza wageni kwenye matumbawe kwa ngalawa, au aliyekuwa akiwatembeza walipokuwepo. Alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee wiki ile. Faki alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

"Shikamoo, Mzee Shaame." Hata siku ile aliniamkia.

"Marahaba, Bakari."

"Yale maneno chini ya picha ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema mchawi?"

"Nilisema. Ni utani, mwanangu, huyu ni shemeji yangu. Wewe humtanii shemeji yako?"

"Namtania. Namwita nyani. Lakini kompyuta haijamtoa na mkia."

Nikafanya lile ninalolijua. Nikasema, "Bakari, huyu angejua uchawi angekaa kwenye kibanda kinachovuja? Si angejijengea hoteli?" Mmoja nyuma akacheka. Wallahi alicheka, na mimi nikaona tumepona. Nikamgeukia Faki nikamtupia kwa sauti, ili wote wasikie kwamba huu ni mchezo wa vinywa viwili: "Jibu basi, mchawi we!"

Mize, hakujibu. Alikuwa akimtazama Bakari. Kaniki ya matanga ilikuwa bado kwenye mabega ya mke wa Bakari, aliyesimama nyuma kule njiani. Mimi ningetukana mbele ya malaika wa mauti, unanijua. Mumeo hana ufedhuli huo. Hakuweza kutoa mzaha mbele ya baba aliyefiwa. Akaweka ufito wake chini, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Pole, mwanangu."

"Mmeona?" mtu akasema. "Kaitwa mchawi hakukataa. Tena anaomba radhi."

Yaliyofuata sitayaandika yote, Asha ni mdogo. Walileta lile gogo analopasulia fito, wakaulaza mkono wake wa kulia juu, na nyundo ya mbao ilikuwa yake mwenyewe. Mimi nilishikwa na vijana wawili, walinishika kwa adabu, mmoja alikuwa ananiambia, "Tulia, mzee, utaanguka." Madema yote yalitiwa moto. Aliyewasimamisha ni Rosemary. Alikuja mbio kutoka nyumbani, kiatu kimoja, akajilaza juu ya mumeo akipiga kelele: "Huyu alinificha! Alinificha chini ya hayo madema mnayochoma!"

Aliyeshika nyundo akaishusha. Kila mmoja pale alikumbuka alikokuwa yeye siku zile, na nani alikuwa anamtafuta. Wakatazama chini. Maalimu wa chuo cha Kurani naye akafika na bakora yake, wakatawanyika, lakini Bakari akasema Mpemba asionekane Galu baada ya Ijumaa.

Kituoni hatukwenda. Asiye na kipande cha utambulisho, kama sisi, akienda kushtaki, maswali huanza kwake.

Bi Aneke alilia siku nzima. Alizishusha picha. Akakiandikia kijiji chake yaliyotokea, na kijiji kikaamka kama siafu waliomwagiwa maji. Rosemary alinisomea. Wengine walituma picha za mishumaa. Wengine wakagombana wao kwa wao, picha ifutwe au isifutwe, kazi ya sanaa ina hatia au haina, barua ndefu ndefu. Bi Aneke aliifuta kwake, lakini wenzake walishainakili wakaiweka kwao, Amerika huko, Ufini huko, na huko hana mkono wa kufika. Mmoja aliomba picha ya mkono uliovunjwa.

"Kuna aliyeuliza jina lake?" nikamwambia Rosemary.

Alitazama kioo kile muda mrefu, akipandisha na kushusha.

"Bado, guka."

Nikamwomba aliweke sasa lile jibu la Faki. Lote, pamoja na kobe. Wayajue maneno yalivyokuwa, wajue kwamba palikuwa na watu wawili. Aliliandika, machozi yanadondokea vidude, hakupunguza kitu. Asubuhi yake akaletewa jawabu na mtu mmoja wa huko, mwenye heshima kubwa kijijini, kama Rosemary alivyonieleza. Amesema huu si wakati wa mizaha.

Bi Aneke sasa anafunga mizigo. Mimi nitabaki mpaka mguu utakaponiruhusu kupanda chombo. Usiniogopee, mimi hapa ni mtu wa kuonewa huruma. Bakari ananiletea samaki. Majirani wananipa mkono wakisema, "Pole, mzee, kwa mama." Wanadhani aliliwa kweli. Nikiwaambia ni utani, wanatikisa vichwa, wanasema mzee bado amefungwa akili na yule. Ninakula samaki wa Bakari, Mize. Nisipokula ataniuliza kwa nini, na sina maneno ya kumjibu mtu aliyezika mtoto.

Mama yetu alikufa kitandani kwake, mkono wake ulikuwa katika mkono wako. Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu nimechoka kupewa pole ya jambo ambalo halikutokea, na hapa sina wa kunikatalia.

Nilimsindikiza Faki mpaka Shimoni, nikamkabidhi kwa nahodha wa Tumbe anayemjua. Nikamtupia lile tusi la kuagana, ambalo siku zote humtupia. Akaniangalia kwa upole kama mtu anayemtazama mgeni asiyeijua lugha, akapanda. Mganga wa mifupa amesema vidole viwili vitajikunja, vile vingine Mungu anajua. Kusuka usimwambie habari zake. Asikae peke yake. Na kwa vijana wa huko, simulia wewe kabla hawajasikia kutoka kwa mwingine, maana ile picha iko duniani inatembea, na siku hizi watu wetu nao wanakwenda Unguja, wanakwenda Mombasa, wanarudi na karatasi.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie bakora zake bado naziona mgongoni. Nisalimie baba mdogo, yule wa chuoni, aniombee dua bila kuuliza nasali mara ngapi. Nisalimie binamu yake Faki, yule msukaji mwenzake, amwazime kiti cha kukalia kibandani kwake hata kama hakuna cha kufanya. Kwa Asha, busu la mjomba mkavu.

Faki mwenyewe simwandikii neno. Nilikuwa nalo, tena jipya, lakini kwenye karatasi siliandiki. Ila wewe kaa karibu naye. Siku akitamka lolote juu yangu, hata likiwa tusi la kunivua nguo mbele ya watu, Asha achukue kalamu aliandike lilivyo na alilete upesi.

Ni mimi kaka yako,
Shaame